Nani Huamua Sura ya Kipengele? Historia ya Mwonekano wa Orodha katika Programu za Simu, 2000–2023

Ikisiri

Insha hii inachunguza historia ya mwonekano wa vipengele vya orodha katika programu za simu kuanzia mwaka 2000 hadi 2023. Hoja kuu ni kwamba historia hiyo ni zaidi ya historia ya urembo. Ni historia ya mamlaka, yaani ni nani mwenye uamuzi wa mwisho kuhusu kimo, rangi, mpangilio na kiasi cha maneno yanayoonekana katika kipengele kimoja. Insha inaonyesha kwamba mamlaka hayo yalianza mikononi mwa watengenezaji wa simu, yakahamia kwa wamiliki wa mifumo endeshi, yakachukuliwa kwa kiasi kikubwa na watayarishaji wa programu, na hatimaye sehemu yake ikaanza kumfikia mtumiaji. Sehemu ya mwisho kabla ya hitimisho inaihusisha historia hiyo na Kiswahili, na kudai kwamba upatanisho wa kisarufi na desturi yetu ya majina huibua matatizo ambayo violezo vya orodha havikuyazingatia.

1.0 Utangulizi

Mtumiaji wa simu husoma orodha mara nyingi zaidi kuliko anavyotambua. Majina ya watu anaowasiliana nao ni orodha. Mazungumzo yake, nyimbo zake, mipangilio ya simu na miamala yake ya fedha, vyote humjia kwa umbo la orodha. Katika kila orodha, taarifa za kitu kimoja hubanwa ndani ya ukanda mwembamba unaoanzia ukingo mmoja wa skrini hadi mwingine. Ukanda huo ndio unaoitwa kipengele katika insha hii. Mwonekano wake unajumuisha kimo chake, ukubwa wa maandishi, rangi, picha au alama iliyo kando, mstari unaokitenga na jirani yake, na namna maneno yanavyokatwa yasipotosha nafasi.

Jambo hili huweza kuonekana dogo. Hata hivyo, mtu anayetaka kumtumia fedha mmoja kati ya ndugu wawili, na ambaye skrini yake inamwonyesha majina mawili yaliyokatwa mahali pamoja, hana njia ya kujua amguse yupi. Mzee aliyekuza maandishi ili aweze kusoma, kisha akakuta nusu ya chini ya kila neno imefichwa na kipengele kinachofuata, amenyimwa huduma ingawa programu inafanya kazi. Kwa hiyo, swali la nani anayeamua sura ya kipengele lina uzito wa kijamii.

Insha inafuata mkondo wa nyakati. Inaanza na simu za vitufe, inapita katika iPhone na Android, na kuishia katika mifumo ya karibuni ambamo mtayarishaji hueleza tu anachotaka kionekane. Orodha za kompyuta za mezani hazijadiliwi, isipokuwa pale zinapogusa mada.

2.0 Orodha Iliyochorwa na Kifaa, 2000–2008

Nokia 3310, iliyotoka mwaka 2000, ilikuwa na skrini ya pikseli 84 kwa 48, isiyo na rangi. Katika eneo hilo ilitosha mistari michache ya maandishi. Mtengenezaji wa simu ndiye aliyechora herufi, akaamua kipengele kilichochaguliwa kitofautishwe vipi na vingine, na kuamua mshale wa kupanda na kushuka ukae wapi. Hapakuwa na mtayarishaji wa nje wa kuingia kati.

Watayarishaji wa nje waliingia kupitia Java. Mwaka huohuo wa 2000 ulikamilishwa waraka wa kwanza wa kanuni za MIDP, uliotaja vitu ambavyo programu ndogo ya Java ingeweza kuviomba kutoka kwa simu. Miongoni mwavyo kulikuwa na kijenzi kiitwacho List. Mtayarishaji alikipa maneno na, akipenda, picha ndogo kwa kila kipengele, kisha akachagua aina moja kati ya tatu: orodha ambayo kubonyeza huchagua papo hapo, orodha ya kuchagua kimoja tu, na orodha ya kuchagua vingi. Mengine yote yaliachiwa simu. Sababu ilikuwa ya msingi: programu ileile ilipaswa kufanya kazi katika simu za watengenezaji tofauti, zenye skrini na vitufe visivyolingana.

Toleo la pili la MIDP, la mwaka 2002, lililegeza kamba kidogo. Mtayarishaji aliruhusiwa kupendekeza aina ya herufi kwa kipengele, na kupendekeza iwapo maneno marefu yakunjwe kwenda mstari wa pili au yakatwe. Neno “kupendekeza” ndilo la kuzingatiwa hapa, kwa kuwa kanuni zilisema wazi kwamba simu ingeweza kuyapuuza maombi hayo. Rangi haikuguswa kabisa. Aliyetaka rangi yake alilazimika kuiacha List na kuchora skrini nzima mwenyewe, huku akijitwisha pia kazi ya kusogeza orodha na kuonyesha kipengele kilichochaguliwa.

Katika Afrika Mashariki, orodha iliyokuwa na athari kubwa zaidi katika kipindi hiki haikuwa ya Java. Safaricom ilipozindua M-Pesa nchini Kenya mwezi Machi 2007, huduma hiyo iliwekwa ndani ya kadi ya simu kwa teknolojia ya SIM Toolkit. Kadi hutuma orodha ya maneno kwa simu, na simu huichora kwa mtindo wake yenyewe. Kampuni iliyotoa huduma haikuwa na uwezo wa kuchagua rangi wala ukubwa wa herufi. Kutuma pesa na kutoa pesa vilionekana tofauti katika kila aina ya simu, lakini vilionekana katika simu zote. Vodacom ilipoanzisha M-Pesa nchini Tanzania mwaka 2008, mtumiaji aliifikia kwa kupiga *150*00#, yaani kwa njia ya USSD. Ujumbe mmoja wa USSD hubeba herufi zisizozidi 182. Orodha nzima, pamoja na namba za kuchagulia, hubanwa ndani ya kiasi hicho. Mbunifu wa orodha ya namna hiyo hana kifaa kingine cha kazi ila uteuzi wa maneno: atamke jambo kwa neno moja au mawili, afupishe nini, na kipi kitangulie.

Mfano huu una funzo kwa historia nzima. Kutokuwa na uwezo wa kubadilisha mwonekano kulikuwa ni sharti la kuenea. Simu ya bei ya chini kabisa ilionyesha huduma ileile iliyoonyeshwa na simu ya gharama, kwa sababu hakuna aliyedai kipengele kiwe na sura fulani. Kila uhuru ulioongezwa baadaye uliipunguza tabia hiyo kwa kiasi fulani.

3.0 Kiolezo cha Mfumo na Sahani Chache, 2007–2010

Tarehe 9 Januari 2007 Steve Jobs aliionyesha iPhone kwa mara ya kwanza jijini San Francisco. Miongoni mwa mambo aliyoyaonyesha mapema katika hotuba yake ilikuwa ni orodha ya wanamuziki iliyosogezwa kwa kidole. Orodha iliendelea kuteleza baada ya kidole kuinuliwa, na ilipofika mwisho ilivutika kidogo kisha ikarudi kama mpira. Kurudi huko kulibuniwa na Bas Ording wa Apple, na kukapewa hataza nchini Marekani mwezi Desemba 2008. Hataza hiyo ilikuwa miongoni mwa zile zilizotumika katika kesi ya Apple dhidi ya Samsung, ambayo mwezi Agosti 2012 baraza la mahakama liliiamuru Samsung ilipe zaidi ya dola bilioni moja, kiasi kilichopunguzwa baadaye. Orodha ilikuwa imekuwa mali ya kugombaniwa mahakamani.

App Store ilifunguliwa tarehe 10 Julai 2008, na watayarishaji wa nje wakakabidhiwa kijenzi cha UITableView. Kimo cha kawaida cha kipengele kilikuwa pointi 44. Skrini ya wakati huo ilikuwa na kimo cha pointi 480. Ukiondoa pointi 20 za juu kabisa na 44 za upau wa kichwa, hubaki 416, ambazo hutosha vipengele tisa na sehemu ya kumi. Hesabu hii ndiyo iliyoongoza namna mfumo ulivyojengwa.

Simu hiyo ya kwanza ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 128 tu. Orodha ya watu 1,000 isingeweza kuundiwa vipengele 1,000 kwa mpigo. Mfumo ulichofanya ni kile ambacho mgahawa wenye sahani chache hufanya unapopata wateja wengi: sahani iliyokwisha kutumika huoshwa na kupakuliwa upya. Kipengele kinachotokea juu ya skrini hakitupwi. Huwekwa kando, kisha hurejeshwa chini kikiwa kimebeba jina jingine. Android, iliyoingia sokoni mwezi Oktoba 2008 kwa simu ya HTC Dream, ilitumia mbinu hiyohiyo katika kijenzi chake cha ListView, ambacho humkabidhi mtayarishaji kipengele cha zamani na kumtaka akijaze upya.

Mbinu hii iliacha alama ya kudumu katika kazi ya kubadilisha mwonekano. Sahani isiyooshwa vizuri hubaki na mabaki ya mlo uliopita. Mtayarishaji aliyepaka rangi nyekundu kipengele cha deni lililopitiliza, bila kuandika amri ya kuiondoa rangi hiyo kwa madeni mengine, aliona wekundu ukijitokeza ovyo kila orodha iliposogezwa. Vilevile, picha iliyochelewa kufika kutoka mtandaoni iliweza kutua katika kipengele ambacho tayari kimeshapewa mtu mwingine, jina la mmoja likakaa kando ya sura ya mwingine. Kosa la namna hii ni la kawaida sana katika programu za orodha, nalo linatokana moja kwa moja na uchache wa kumbukumbu wa mwaka 2007 na 2008.

Kwa upande wa sura, mwaka 2009 Apple iliongeza mitindo minne iliyo tayari: maandishi peke yake, yakiwa na nafasi ya picha kando, maandishi yenye maelezo madogo chini yake, na mitindo miwili inayoweka jina la jambo upande mmoja na thamani yake upande wa pili. Android nayo ilitoa violezo vyake, kimoja cha mstari mmoja na kingine cha mistari miwili. Mamlaka sasa yalikuwa yametoka kwa mtengenezaji wa simu na kwenda kwa mmiliki wa mfumo endeshi. Aliyetumia kiolezo alipata kasi, ulinganifu na usalama bila jasho.

4.0 Uhuru wa Mtayarishaji na Gharama Yake, 2008–2014

Violezo havikutosheleza. Ujumbe wa Twitter ulihitaji picha ya mwandishi, jina, muda na maneno yanayoweza kuwa mafupi au marefu. Mtayarishaji aliweza kuviweka vyote ndani ya kipengele kimoja, lakini kila kipande kilichoongezwa kiliiongezea simu kazi ya kuchora, na orodha ikaanza kukwama inaposogezwa. Loren Brichter, aliyeunda programu ya Tweetie mwaka 2008, alitangaza hadharani suluhisho lake: badala ya kuweka vipande vingi juu ya vingine, achore maneno na picha zote kwa mkono mmoja katika eneo moja. Orodha yake iliteleza vizuri, na watayarishaji wengi wakaiga. Toleo la pili la Tweetie, la mwaka 2009, lilileta pia kitendo cha kuivuta orodha chini ili ijisasishe. Twitter iliinunua kampuni yake mwaka 2010, na kitendo hicho kikaenea katika programu nyingi nyingine.

Ufanisi huo ulikuwa na upande wa pili. Mwaka 2009 iPhone 3GS ilikuja na VoiceOver, na Android 1.6 ikaja na TalkBack. Hizi ni programu zinazowasomea kwa sauti watu wasioona yaliyomo kwenye skrini. Programu hizo hutambua kipande cha maandishi kilichowekwa kwa njia ya kawaida. Maandishi yaliyochorwa kwa mkono katika eneo moja kwao ni sawa na picha tupu, isipokuwa mtayarishaji aandike maelezo yake kando. Hivyo, mbinu iliyompa mwenye macho orodha laini iliweza kumpa asiyeona orodha bubu. Haikuwa dhamira ya mtu. Ilikuwa ni matokeo ya kuhamisha mamlaka kutoka kwa mfumo, uliolijua jukumu hilo, kwenda kwa mtayarishaji, ambaye mara nyingi hakulijua.

Katika Android, kazi kubwa ilikuwa kuwafundisha watayarishaji kuzitumia tena sahani ipasavyo. Kwenye mkutano wa Google I/O wa mwaka 2010, wahandisi Romain Guy na Adam Powell walitumia kikao kizima kueleza ListView: namna ya kuepuka kuunda kipengele kipya kila mara, na namna ya kuhifadhi marejeo ya vipande vya ndani ili visitafutwe upya. Kwamba kijenzi kimoja kilihitaji kikao kizima ni ushahidi wa ugumu wake.

Hatua ya mwisho ya uhuru huu ilifikiwa Apple ilipotoa UICollectionView mwaka 2012 na Google ilipotoa RecyclerView mwaka 2014. Vyote viwili vilitenganisha vipengele na mpangilio wake: kipengele kilekile kingeweza kupangwa kwa safu moja, kwa gridi, au kwa umbo lolote ambalo mtayarishaji amelibuni. Lakini RecyclerView haikutoa mstari wa kutenganisha vipengele, jambo ambalo ListView ililifanya bila kuombwa, wala haikutoa njia iliyo tayari ya kupokea mguso wa kipengele. Mtayarishaji aliyetaka vitu hivyo viwili aliviandikia msimbo mwenyewe. Aliyepewa kila kitu achague alilazimika sasa kuchagua hata yale ambayo hakuwa na maoni juu yake.

5.0 Kurejea kwa Kanuni na Kuingia kwa Mtumiaji, 2013–2018

Uhuru ulizaa utofauti, na utofauti ukazaa haja ya kanuni. Mwezi Juni 2014 Google ilitangaza Material Design, mwongozo uliotaja vipimo vya kipengele waziwazi: vizio 48 kwa maandishi ya mstari mmoja, 72 kwa mistari miwili, na 88 kwa mistari mitatu. Kizio hicho hupimwa kwa msingi wa 160 kwa inchi moja, kwa hiyo vizio 48 ni inchi 0.3, kimo kilichokusudiwa kitoshe ncha ya kidole. Tofauti na zama za MIDP, kanuni hizi hazikulazimishwa na simu. Zilikuwa mwongozo wa hiari, ingawa uliotolewa na mwenye duka.

Kwa upande wa Apple, mwaka 2013 iOS 7 ilileta mwonekano bapa na, muhimu zaidi kwa mada hii, Dynamic Type. Mtumiaji aliweza kuchagua ukubwa wa maandishi mara moja katika mipangilio, na programu zilizokubali zikamfuata. Kwa njia hiyo, msomaji mwenyewe alipewa sauti rasmi kuhusu sura ya kipengele katika iPhone. Android ilikuwa na wazo hilohilo katika vipimo vyake: maandishi hupimwa kwa kizio kinachofuata chaguo la mtumiaji, na nafasi hupimwa kwa kizio kisichobadilika.

Hapo ndipo mgogoro ulipojificha. Kimo cha kipengele kikiwa kimefungwa kwenye vizio 48, na maandishi yakiwa yanakua kwa amri ya msomaji, maandishi hukatwa. Kwa iPhone, mtayarishaji alipaswa kuhesabu mwenyewe kimo cha kila kipengele hadi mwaka 2014, iOS 8 ilipoleta vipengele vinavyojipima kwa kufuata kilichomo ndani yake. Kwa hiyo, katika mwaka mmoja kati ya 2013 na 2014, mtumiaji alikuwa na haki ya kuomba maandishi makubwa, lakini mfumo haukuwa na njia rahisi ya kuitimiza haki hiyo ndani ya orodha. Mwaka 2023 Android 14 iliruhusu maandishi kukuzwa hadi asilimia 200, na ikafanya yale ambayo tayari ni makubwa yakue kwa kiasi kidogo kuliko madogo. Uamuzi huo wa pili unakiri kwamba ukuzaji usio na kipimo huvunja mpangilio, na kwamba tatizo la mwaka 2013 lilikuwa bado hai.

6.0 Kueleza Badala ya Kuamuru, 2018–2022

Kizazi kilichofuata cha zana kilibadilisha namna ya kuandika. Katika Flutter, iliyofikia toleo la 1.0 mwezi Desemba 2018, katika SwiftUI ya Apple, iliyotangazwa mwezi Juni 2019, na katika Jetpack Compose ya Google, iliyofikia toleo la 1.0 mwezi Julai 2021, mtayarishaji haamuru tena hatua kwa hatua jinsi kipengele cha zamani kitakavyojazwa upya. Hueleza tu kwamba, kwa taarifa hizi, kipengele kinapaswa kuonekana hivi. Mfumo ndio unaoosha sahani. Kosa la rangi iliyobaki kutoka kwa kipengele cha zamani lilipungua mno kwa sababu hiyo.

Hata hivyo, mvutano wa mamlaka haukuisha. SwiftUI ilipotoka, kijenzi chake cha List hakikumpa mtayarishaji njia ya kuondoa mistari ya kutenganisha vipengele. Ndani yake, List ilikuwa ikitumia UITableView ya mwaka 2008, na watayarishaji waliogundua siri hiyo waliibadilisha UITableView kwa mlango wa nyuma ili mistari itoweke. Njia rasmi ilikuja mwaka 2021 katika iOS 15. Mwaka uliofuata, katika iOS 16, Apple ilibadilisha msingi wa List ili utumie UICollectionView, na marekebisho ya mlango wa nyuma yakakoma kufanya kazi. Programu zilizojengwa juu yake zikabadilika sura bila wenyewe kugusa neno lolote. Tukio hilo linaonyesha kwamba katika mifumo hii mipya mmiliki wa mfumo amerejesha sehemu ya mamlaka aliyoyaachia kati ya 2008 na 2014. Anayeeleza tu anachokitaka hutegemea anayetafsiri maelezo hayo.

7.0 Kiswahili Ndani ya Kipengele

Historia iliyosimuliwa hadi hapa iliandikwa kwa Kiingereza, kwa maana kwamba violezo vyake vilipimwa kwa maneno ya Kiingereza. Kiswahili kinapoingia ndani ya violezo hivyo, mambo matatu hujitokeza.

La kwanza ni urefu. Kitenzi cha Kiswahili hubeba ndani yake kiambishi cha ngeli, cha wakati na cha kauli. Neno la Kiingereza “Off” lina herufi 3. “Imezimwa” lina 8. Neno “Saved” lina herufi 5. “Yamehifadhiwa” lina 13. Kipengele kilichopangwa kwa maneno mafupi upande wa kulia hulibana jina lililo upande wa kushoto, au hukata lile la kulia.

La pili ni upatanisho wa kisarufi, nalo ni zito zaidi. Mtindo wa mwaka 2009 unaoweka jina upande mmoja na thamani upande wa pili umejengwa juu ya dhana kwamba thamani ni neno lisilobadilika. Kwa Kiingereza, neno moja la kuonyesha kwamba kitu kimezimwa hutumika kwa orodha yote ya mipangilio. Kwa Kiswahili, sauti imezimwa, eneo limezimwa, kikumbusho kimezimwa, na matangazo yamezimwa. Mtayarishaji aliyetafsiri neno hilo mara moja na kulitumia kila mahali huzalisha orodha ambayo kila msomaji wa Kiswahili ataiona ina kasoro katika nusu ya vipengele vyake. Kasoro hiyo haitibiki kwa kumtafuta mfasiri hodari zaidi, kwa sababu mfasiri amepewa neno moja bila kuambiwa litasimama kando ya nomino ipi. Dawa iko katika muundo wa kipengele: ama kila jina lipewe thamani yake, ama neno liondolewe na nafasi yake ichukuliwe na swichi inayoonekana imewashwa au imezimwa.

La tatu ni majina ya watu. Nchini Tanzania ni kawaida mtu kuandikwa kwa majina matatu: lake, la baba na la babu au ukoo. Kati ya watu wengi wanaoitwa Juma Hamisi, jina la tatu ndilo linalotofautisha. Desturi ya mifumo ya kukata maneno mwishoni na kuweka vitone vitatu huficha kwanza lile ambalo msomaji analihitaji zaidi. Ndivyo ilivyo pia kwa namba za simu, ambazo tarakimu zake za mwanzo huonyesha nchi au mtandao tu, na tofauti ya mtu na mtu huanzia mbele zaidi. Android na iOS zote zina uwezo wa kukata katikati badala ya mwisho, na pia kukunja maneno kwenda mstari wa pili. Uwezo upo, kinachokosekana ni uamuzi wa kuutumia. Katika orodha ya kutumia fedha, uamuzi huo hupunguza uwezekano wa fedha kumfikia asiyekusudiwa.

8.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba mwonekano wa kipengele cha orodha umepita katika mikono minne. Mtengenezaji wa simu aliushikilia wakati skrini ilikuwa ndogo na programu zilihitaji kufanya kazi popote. Mmiliki wa mfumo endeshi aliuchukua alipoleta violezo na mbinu ya kutumia tena vipengele. Mtayarishaji alijipatia sehemu kubwa kwa ajili ya kasi na utofauti, akabeba pia majukumu ambayo mara nyingi hakuyatekeleza, hasa kwa watumiaji wasioona. Mtumiaji aliingia mwisho, kupitia ukubwa wa maandishi, na hadi 2023 haki yake ilikuwa bado inagongana na vimo vilivyofungwa.

Imeonekana pia kwamba uhuru wa kubadilisha mwonekano haulingani daima na manufaa ya msomaji. Orodha ya USSD isiyo na rangi iliwafikia watu ambao orodha iliyopambwa isingewafikia, na orodha iliyochorwa kwa ustadi iliweza kuwa bubu kwa asiyeona. Kwa hiyo, kigezo cha kupima kipengele kilichobuniwa vizuri si ni kiasi gani kimetofautiana na kiolezo. Kigezo ni iwapo anayekisoma, kwa macho yake, kwa ukubwa wa maandishi aliouchagua na kwa lugha yake, anaweza kukitofautisha kipengele hicho na jirani yake kabla hajakigusa.

Kwa watayarishaji wanaoandikia Kiswahili, historia hii inadai mpangilio mahususi wa maamuzi. Kwanza ijulikane ni taarifa ipi inayotofautisha vipengele, na hiyo isikatwe kamwe. Pili, kimo kifuate maandishi, badala ya maandishi kufuata kimo. Tatu, thamani yoyote inayopatana na nomino iandikwe pamoja na nomino yake. Rangi, pembe na vivuli vije baada ya hayo matatu kutimia.